Oili ya Giaboksi na Difu katika Pikapu Iliyotembea Sana

Katika vilainishi vyote vinavyotumika ndani ya gari, oili ya injini ndiyo inayokumbukwa bila mwenye gari kuhimizwa, kwa sababu ina kijiti cha kupimia, ina taa yake kwenye dashibodi, na fundi aliyeibadilisha huandika kilomita za kurudi gereji. Ilhali oili iliyomo katika giaboksi ya mkono, transfa na difu, ambayo haina kijiti wala taa, huweza kukaa ndani ya chuma tangu gari lilipotoka kiwandani mpaka siku meno yanapovunjika. Mazungumzo haya yanahusu oili hiyo iliyosahauliwa, na yanaihusu hasa katika pikapu zilizonunuliwa zikiwa zimekwishatembea sana na ambazo sasa zinafanya kazi katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, ambako gari lilelile huweza asubuhi kubeba chakula cha kuku katika lami ya Barabara ya Morogoro, na jioni likawa linatafuta njia katika mchanga wa Maneromango. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika gari la namna hiyo, kumwaga oili ya giaboksi na difu ni uchunguzi kabla ya kuwa matengenezo, na kwamba mnunuzi anayeahirisha kazi hiyo hujinyima ushahidi ambao muuzaji si rahisi kuupamba.

Kibaha si mahali pageni kwa elimu ya magari. Hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania katika zama za viwanda vya umma, na hapo ndipo lilipo Shirika la Nyumbu, yaani Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985 na kupewa jukumu la kubuni na kutengeneza gari la Kitanzania. Hata hivyo gari linalotawala barabara za vijijini katika wilaya hizo mbili halikubuniwa hapo; ni pikapu ya kigeni, mara nyingi Toyota Hilux, ambayo aina yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1968. Si kila pikapu ya mtumba inatoka Japani kama inavyodhaniwa, kwa kuwa Toyota iliacha kuuza Hilux katika soko la Japani mwaka 2004 na ikairejesha mwaka 2017, na kwa hiyo nyingi za miaka hiyo ya kati zilizofika Bandari ya Dar es Salaam zimetoka katika nchi nyingine zinazoendesha upande wa kushoto, kama vile Thailand, Uingereza na Australia, huku nyingine zikiwa ni magari yaliyofanya kazi humuhumu nchini chini ya serikali au miradi ya wafadhili, ile yenye namba za DFP, kisha yakauzwa mnadani. Tofauti hiyo ya asili ina maana kwa fundi, kwa kuwa gari la mradi huenda lina kitabu cha safari na kumbukumbu za matengenezo, ilhali lililoletwa kwa meli huwa na odometa peke yake, na odometa ni chombo kinachoweza kurudishwa nyuma.

Mfumo unaozungumziwa ni ule unaopokea nguvu kutoka kwenye injini na kuifikisha kwenye magurudumu. Nguvu hiyo hupita kwanza kwenye klachi, kisha huingia giaboksi, ambamo seti za meno ya ukubwa tofauti humwezesha dereva kuchagua baina ya mwendo na nguvu. Katika pikapu ambayo magurudumu yote manne yanaweza kuvuta, hupita kisha kwenye transfa, ambayo ni kisanduku kingine cha meno kinachogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Halafu husafiri kwa propela shafti hadi kwenye difu, ambako huzungushwa pembe na kugawanywa baina ya gurudumu la kulia na la kushoto. Kila kimoja kati ya visanduku hivyo kina oili yake, na hakuna hata kimoja kinachopata oili kutoka kwenye injini. Kiasi chake si kikubwa: katika pikapu nyingi za ukubwa wa Hilux, giaboksi ya mkono na difu ya nyuma huchukua takriban lita 2 hadi 3 kila moja, na transfa huchukua zaidi kidogo ya lita 1, hivyo kwamba ukosefu wa nusu lita, ambao katika tangi la dizeli usingeonekana, ndani ya transfa ni karibu nusu ya maji yote ya uhai wake.

Difu inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndani yake ndimo oili inapoteswa kuliko mahali pengine. Meno yaliyomo ni ya jozi moja kuu, gurudumu kubwa liitwalo krauni na jino dogo la kuendesha liitwalo pinioni, na katika magari mengi ya leo pinioni haikukabili katikati ya krauni bali imeshushwa chini ya mstari wa katikati, mpangilio uitwao haipoidi, ambao kampuni ya Packard ya Marekani iliuingiza katika magari yake mwaka 1926. Faida yake ni kwamba propela shafti hukaa chini na meno hukutana kwa eneo kubwa zaidi, hivyo huwa imara na hayapigi kelele. Gharama yake ni kwamba meno hayabingirishani tu bali pia husuguana kwa kuteleza, na msuguano huo chini ya mzigo mkubwa hukwangua utando wa oili mpaka chuma kikutane na chuma. Kwa sababu hiyo oili ya difu hutiwa viambato vya kuhimili shinikizo kubwa, vyenye salfa na fosforasi, ambavyo hubaki vimetulia wakati wa kazi nyepesi na huamka pale joto la msuguano linapopanda, vikaungana na uso wa chuma na kujenga tabaka jembamba linaloliwa badala ya jino lenyewe. Viambato hivyo hutumika na kupungua, na ndiyo maana oili inayoonekana kuwa na rangi nzuri na kiasi cha kutosha huweza kuwa imekwisha kabisa kwa upande wa kazi iliyowekewa.

Hapa ndipo linapoingia suala la daraja, ambalo katika gereji nyingi za kando ya barabara hupuuzwa. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hugawa oili za gia kwa herufi GL na tarakimu, na madaraja mawili yanayomhusu mwenye pikapu ni GL-4 na GL-5, la pili likiwa na viambato vya shinikizo karibu mara mbili ya la kwanza. Difu ya haipoidi inahitaji GL-5. Giaboksi ya mkono, kwa upande mwingine, ina pete laini za shaba ya manjano, ziitwazo sinkronaiza, ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa meno mawili kabla hayajashikana, na pete hizo hufanya kazi kwa kusuguana. Oili yenye viambato vikali mno huweza kuila shaba hiyo kidogo kidogo na pia kuifanya pete iteleze inapotakiwa kushika, na matokeo yake ni gia inayoingia kwa kukwaruza, hasa ya pili na ya tatu. Si kila giaboksi hudhurika, na baadhi ya vitabu vya Toyota huruhusu daraja lolote kati ya hayo mawili. Lakini ruhusa hiyo hutolewa na kitabu cha gari husika, na haitolewi na pipa lililopo gereji. Desturi ya kuwa na pipa moja la oili ya kupima, ambayo humiminwa kwenye giaboksi, transfa na difu bila kubagua, ni ya kiuchumi zaidi kuliko ya kiufundi, na haina utetezi pale mteja anapokuwa tayari kulipia oili mbili tofauti.

Namba ya oili ni jambo jingine, tofauti na daraja, ingawa mara nyingi huchanganywa. Namba hueleza mnato, yaani uzito wa kutiririka, kwa kipimo cha wahandisi wa magari kiitwacho SAE, na namba zenye herufi W huonyesha tabia ya oili katika baridi. Hivyo 75W-90 ni oili inayotiririka vyema katika baridi kali ilhali ikipata moto huwa na mnato wa namba 90. Vitabu vya zamani vya Toyota viliagiza namba 90 kwa difu mahali popote ambapo hali ya hewa haishuki chini ya nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, sharti ambalo mkazi wa Pwani hana haja ya kulifikiria. Mafundi wengi wa ukanda huu hupendelea namba 140 kwa difu iliyochoka, wakisema kwamba joto na mzigo huilainisha namba 90 kupita kiasi, na hoja yao haikosi msingi, kwa kuwa oili nzito ina utando mnene na baadhi ya watengenezaji huiruhusu katika difu za magari ya mizigo katika nchi za joto. Kosa huanza pale oili hiyo nzito inapotiwa kwenye giaboksi, ambako huchelewesha sinkronaiza na kufanya gia kuwa ngumu asubuhi, na huwa kubwa zaidi pale inapochukuliwa kuwa dawa ya mlio. Difu inayolia kwa namba 90 na kunyamaza kwa namba 140 haikupona, imefunikwa mdomo.

Kufunikwa mdomo huko ndiko kunakofanya ununuzi wa pikapu iliyotembea sana kuwa jambo la tahadhari. Ujanja wa kutia grisi, au hata unga wa mbao, ndani ya difu au giaboksi inayonguruma ili inyamaze kwa siku chache za kuonyeshwa wanunuzi ni wa zamani na unajulikana katika nchi nyingi. Mnunuzi anayesikiliza gari likizunguka mtaa mmoja wa lami hana njia ya kuugundua, lakini fundi anayefungua bolti ya chini na kuona uji mzito ukitoka badala ya oili huwa ameugundua bila kuhitaji chombo chochote.

Kazi yenyewe haihitaji gereji kubwa, ila inahitaji utaratibu. Gari huendeshwa kwanza kwa muda ili oili ipate joto na kuinua uchafu uliotulia chini, kisha huegeshwa mahali tambarare, kwa kuwa kipimo cha oili katika visanduku hivi ni ukingo wa tundu la kujazia, na gari lililoinuliwa upande mmoja hutoa kipimo cha uongo. Bolti ya kujazia, ambayo katika Toyota nyingi hufunguliwa kwa spana namba 24, lazima ilegezwe kabla ya kuguswa bolti ya kumwagia, kwa sababu katika gari la miaka mingi bolti hiyo huweza kuwa imeshikwa na kutu, na fundi aliyekwisha kumwaga oili kisha akashindwa kufungua mahali pa kujazia huwa amelifunga gari mahali lilipo. Oili hukingwa katika chombo safi chenye vipimo, na wala si katika karai lililojaa mchanga, kwa kuwa kiasi kilichotoka ni ushahidi wa kwanza: kikiwa pungufu, kuna sili inayovuja, na kikiwa pungufu kwenye giaboksi lakini kikazidi kwenye transfa, hitilafu inayofahamika katika baadhi ya Land Cruiser, basi sili iliyo kati ya visanduku hivyo viwili imekufa na oili inahama kutoka kimoja kwenda kingine bila tone hata moja kuonekana nje.

Ushahidi wa pili upo kwenye bolti ya kumwagia, ambayo aghalabu huwa na sumaku. Uji laini wa kijivu juu ya sumaku, usiokwaruza ukisuguliwa kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida wa meno yaliyofanya kazi kwa kilomita nyingi, na haupaswi kumtia mtu hofu. Vipande vinavyoshikika, hasa vyenye umbo la ncha ya jino au ganda jembamba la beringi, ni habari tofauti kabisa, na gari lenye vipande hivyo halitatengenezwa kwa oili mpya hata iwe ya bei gani. Chembe zinazong'aa kwa rangi ya dhahabu ndani ya oili ya giaboksi, ambazo sumaku haizishiki, hutoka kwenye sinkronaiza. Rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa ni maji. Mnunuzi mwenye busara huomba uchunguzi huu ufanyike kabla ya kulipa, kwa gharama yake mwenyewe, na muuzaji anayekataa gari lake lifunguliwe bolti ya difu huwa amekwisha kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Suala la maji linahitaji kutazamwa kwa jicho la Kisarawe. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli mwishoni mwa mwaka, njia za udongo zinazoelekea Mzenga, Maneromango na vijiji vya ndani zaidi huwa na madimbwi na vijito vinavyokatiza, na pikapu iliyobeba mihogo, mkaa au magunia ya korosho hufika kwenye maji hayo ikiwa imetoka kupanda kwa gia nzito na difu yake ikiwa ya moto. Difu ya moto ina hewa ya moto ndani yake, na ikitumbukia ghafla katika maji baridi hewa hiyo husinyaa, kama chupa ya plastiki inavyojikunja ikifungwa na hewa ya moto kisha ikatiwa majini, na mvuto unaozaliwa lazima ujazwe na kitu. Watengenezaji waliweka kwa ajili hiyo tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli, lakini katika gari lililoishi kwenye matope tundu hilo huwa limezibwa, na hapo difu huvuta maji kupitia sili za pinioni na za ekseli. Na hata tundu likiwa wazi, likizama huvuta maji moja kwa moja. Difu iliyozibwa pumzi huwa na balaa jingine ikiwa kwenye lami: joto linapopanda, shinikizo husukuma oili kupita sili za ekseli mpaka ndani ya breki za ngoma, na breki zilizolowa oili ya gia hazishiki. Tiba yake ni rahisi kuliko matengenezo mengine yote yaliyotajwa hapa, nayo ni kusafisha tundu hilo kila oili inapobadilishwa na, kwa gari la njia za maji, kuliunganisha na mpira mwembamba unaopandishwa hadi ndani ya boneti.

Oili iliyoingia maji humwagwa mara moja, hujazwa mpya ya daraja lilelile, gari likatembea kilomita mia chache, kisha ikamwagwa tena, kwa kuwa mara moja haitoshi kutoa maji yote yaliyojificha kwenye beringi na mirija ya ekseli. Desturi ya kuosha difu kwa dizeli au petroli kabla ya kujaza haifai, kwa sababu mabaki yake hulegeza oili mpya siku ileile iliyotiwa. Ni vyema kuongeza hapa kwamba dereva anayetoka kwenye matope ya Maneromango na kuingia lami ya Kisarawe mjini bila kuondoa mvuto wa magurudumu ya mbele, katika pikapu ambazo mvuto huo ni wa kuingizwa inapohitajika tu, huyakaza meno ya transfa katika kila kona, na hakuna oili inayoweza kumfidia.

Kuhusu giaboksi za kujiendesha zenyewe, ambazo zimeongezeka katika pikapu za miaka ya karibuni, maelezo mafupi yanatosha. Oili yake, ambayo mafundi huiita haidroliki, hailainishi tu bali pia husukuma vali na kubana klachi za ndani, na kwa hiyo aina iliyotajwa na mtengenezaji haina mbadala. Toyota pekee ina aina za T-IV na WS, ambazo haziingiliani. Kauli kwamba oili fulani ni ya maisha yote ya giaboksi isieleweke kuwa ni ya maisha ya mmiliki wa tatu. Kumwaga kwa bolti ya chini hutoa sehemu tu ya oili, kwani nyingine hubaki kwenye kigeuza-nguvu kilicho kati ya injini na giaboksi, na kwa gari lisilo na historia njia hiyo ya kidogo kidogo, ikirudiwa baada ya muda, ni salama kuliko mashine ya kuisukuma yote kwa shinikizo. Giaboksi ambayo tayari inateleza haitaponywa na oili.

Linabaki suala la oili iliyotoka. Katika wilaya zote mbili oili chafu ina soko lake, kwa kuwa hupakwa kwenye nguzo na mbao ili kuzuia mchwa, na inayobaki humwagwa nyuma ya gereji. Mlandizi, ambako magari mengi ya njia ya Morogoro hutengenezwa, ipo katika bonde la Mto Ruvu, na mto huo ndio chanzo kikubwa cha maji yanayotumiwa na wakazi wa Dar es Salaam na sehemu za Pwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahesabu taka za namna hii kuwa za hatari, na hapana kisingizio cha kiufundi cha kuzimwaga ardhini: oili ya gia huingia vizuri kwenye dumu lilelile lililoleta oili mpya, ikafungwa na kukabidhiwa kwa mkusanyaji aliyeidhinishwa.

Ratiba ya baadaye hutegemea kazi ya gari kuliko umri wake. Kilomita 40,000 ni kipimo ambacho vitabu vingi vya pikapu huanzia kwa oili ya gia, nacho kinafaa kwa gari linaloishi kwenye lami kati ya Kibaha na Dar es Salaam. Kwa gari la mchanga, mizigo na maji, kama yalivyo mengi ya Kisarawe, nusu ya umbali huo ndiyo busara, na baada ya kila kuzama kwa ekseli bolti ya difu ifunguliwe bila kusubiri kilomita. Wenye pikapu wanahimizwa kuandika tarehe, kilomita, daraja na namba ya oili iliyotiwa katika kila kisanduku, na mafundi wanaombwa kumwita mwenye gari aione sumaku ya bolti kabla haijafutwa.